Kivuli cha upande wa kibla: kisa cha bustani ya matuta uani, Tanga

Kisa hiki ni cha nyumba moja ya Tanga mjini. Majina na mtaa nimeviondoa, na alama moja mbili zinazoweza kumtambulisha mwenye nyumba nimezibadilisha. Vipimo na mfuatano wa mambo vimebaki. Niliitwa kusaidia kupanga bustani, nikalipwa kwa chai na maandazi, kwa hiyo sisimulii nikiwa pembeni. Makosa mawili makubwa humu ni yangu.

## Nyumba na ua wake

Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu, mama wa miaka sabini kasoro, anayeishi na mwanawe, mkamwana wake na wajukuu watatu. Watu sita, sufuria moja. Mkamwana ndiye mpishi, na ndiye ambaye angemwagilia kila jioni. Hilo halikuandikwa popote siku ya kwanza, ingawa lilikuja kuamua mambo mengi kuliko utepe wa kupimia.

Ua una mita 7 kwa 5. Upande wa kaskazini, ambao pale nyumbani wanauita upande wa kibla, umezibwa na ukuta wa jirani wenye urefu wa mita 2.5. Kusini ni mlango wa jiko. Magharibi kuna tangi la lita 1,000, bafu na kamba ya nguo, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa tayari kuhama. Ukiviondoa, unabaki na mita 4 kwa 5, na ndani yake bado watu wapite na ndoo.

Kwa nini matuta ya kuinuliwa? Kwa sababu ukipiga jembe pale, kina cha shubiri moja tu, unasikia "ko!" Ni jiwe la matumbawe. Juu yake kuna kichanga cheupe, na mvua za Aprili na Mei zikishika maji hayana pa kwenda, yanasimama mpaka mlangoni. Mwalimu alikuwa amepanda mchicha chini miaka miwili mfululizo na ukaoza masika zote mbili. Nasisitiza sababu hii kwa kuwa wengi huinua tuta kwa kuona picha nzuri. Tuta lililoinuka hukauka haraka kuliko ardhi tambarare. Mwenye udongo wa kina usiotuamisha maji hana haja ya kuligharamia, hasa kwenye joto letu la pwani.

## Februari: mpango wa kwanza

Mtoto wa Mwalimu alikuwa ameangalia video za ng'ambo na kuchora mpango kwenye karatasi ya miraba, kwa penseli, safi kabisa. Kila mraba ulikuwa wa sentimita 30, na kila mraba una zao lake: nyanya, karoti, kabichi, pilipili hoho, vitunguu, bamia, mchicha, sukuma wiki, chainizi, bilinganya. Mimea mirefu yote ilikuwa mwisho wa kaskazini, "isizibe mifupi". Niliangalia, nikasifu. Karatasi ilikuwa ya kusifiwa.

Tulikubaliana matuta matatu. Moja la sentimita 60 kwa mita 4, limeegemea ukuta wa kibla, kwa kuwa tuta linalofikiwa upande mmoja tu halipaswi kuzidi urefu wa mkono. Mawili ya mita 1.2 kwa 3, sambamba, yenye njia ya sentimita 50 katikati. Jumla mita za mraba 9.6, na kina cha sentimita 30.

Jua tulilipimaje? Nilisimama karibu na ukuta saa sita mchana, katikati ya Februari, nikatazama chini. Hakukuwa na kivuli hata cha kidole upande wetu. Nikaandika kwenye daftari: "jua kamili". Mwalimu alikuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni anachambua mchele, akanitazama, hakusema kitu.

Kwa kingo, fundi alishauri mabanzi ya mbao, ambayo ni rahisi kupatikana, na akataka kuyapaka oili chafu ya gari ili mchwa wasiyaguse. Mkamwana alikataa. "Hiyo oili itaishia kwenye mchicha wa watoto," alisema, na alikuwa sahihi: oili iliyotumika ina mabaki ya metali ambayo hayafai kukaa karibu na mizizi ya mboga. Tukachukua mabanzi makavu tukijua yatadumu muda mfupi.

Kujaza ndiko kulikotuchosha. Watu hupigia hesabu mbao na mbegu, wakasahau kwamba mita za mraba 9.6 kwa kina cha sentimita 30 ni karibu mita za ujazo 2.9, yaani madebe 144. Chini tuliweka makumbi ya nazi na vipande vya mgomba ili kupunguza udongo wa kununua. Makumbi hayo yalitoka kwa mfua nazi, si yale yanayofukiwa pwani kwa ajili ya usumba, ambayo yamelowa chumvi ya bahari. Mwalimu ndiye aliyeuliza kwanza yametoka wapi. Juu yake udongo, na samadi ya ng'ombe debe moja kwa kila mita ya mraba. Kirikuu, kile kigari cha mizigo, ilikwenda safari tatu. Matuta mawili yakajaa. La tatu, la mashariki, likabaki na pengo la theluthi nzima, na pesa zilikuwa zimekwisha.

Nyuma ya mtaa kuna fundi seremala mwenye mlima wa vumbi la mbao. Akalitoa bure. Nikasema: "Changanyeni tu, litaoza."

## Machi hadi Julai

Mvua zilipoanza, matuta yalifanya kazi yaliyoletewa. Maji yalisimama njiani, watoto wakapita na kandambili mkononi, lakini juu mchicha ulisimama wima. Kuku wa jirani walifukua mara moja tu. Wiki hiyohiyo mjukuu alileta nyavu chakavu kutoka kwa wavuvi, ikatandazwa juu ya vijiti, na suala la kuku likaisha.

Halafu mambo yakaanza kuja moja moja.

Tuta la mashariki liligeuka njano. Nilikwenda nikiwa tayari na jibu kichwani, kwamba ni udongo wa chokaa unaozuia madini ya chuma. Ilibidi nipige magoti ndipo nione. Upungufu wa chuma huanza kwenye majani machanga ya juu, na mishipa yake hubaki kijani. Pale ilikuwa kinyume. Majani ya chini, yale makuukuu, yalikuwa ya njano mpaka kwenye kikonyo, na machanga ya juu yalikuwa madogo lakini kijani. Mche ulikuwa unanyonya majani yake ya zamani ili ulishe mapya. Hiyo ni njaa ya naitrojeni. Vijidudu vinavyoozesha vumbi la mbao vinahitaji naitrojeni, na vumbi lenyewe halina ya kutosha, basi huichota kwenye udongo, miche ikakosa. Vumbi bichi hutandazwa juu kama matandazo, au huozeshwa na samadi kwa miezi kabla ya kuingia tutani. Kulichanganya theluthi nzima na kupanda siku ya tatu ni jambo ambalo ningemkanya mtu mwingine asilifanye.

Mchicha wa tuta la katikati ulistawi, ukatoa funzo ambalo sikulitegemea. Mkamwana ni mtu wa kimo kifupi. Akichuchumaa njiani mkono wake unafika sentimita 50, siyo 60 za vitabuni. Katikati ya tuta la mita 1.2 kukabaki ukanda wa sentimita 20 asioufikia bila kukanyaga udongo. Kufikia mwisho wa Aprili ungeweza kuuona ukanda huo ukiwa mlangoni: pembeni mchicha mfupi uliokatwa juzi, katikati mstari mrefu mwekundu ulioshatoa mbegu, umesimama kama kilemba cha jogoo.

Na ulikuwa umepandwa siku moja wote. Wiki mbili za Aprili walikula mchicha, wakagawa majirani, wakagawa mpaka kwa muuza maji. Baada ya hapo, kwa mujibu wa daftari la Mwalimu, walinunua mboga sokoni wiki tano mfululizo wakiwa na matuta matatu nyumbani.

Nyanya sitazisema sana. Miche 16, sentimita 30 kila mmoja, wakati wa masika. Majani hayakupata kukauka hata siku moja, bakajani, ugonjwa wa majani, ikaingia, na walichovuna hakikujaza bakuli. Karoti ziliota vizuri kisha zikakuta makumbi, zikajikunja kama vidole.

Juni ndipo tuta la ukutani lilipotoa siri yake. Sukuma wiki zilikuwa zimerefuka shingo, nyembamba, zote zimeinamia kusini kama zinataka kutoka uani. Nilifika saa sita mchana. Kivuli cha ukuta kilikuwa kimelala juu ya tuta lote, kimevuka njia, na kimegusa vichwa vya matuta mengine mawili. Nikapima: mita 1.3 na ushei.

Mwalimu alikuwa mkekani kwake. "Makopa yangu ya muhogo siyaaniki hapo kusi ikishika," alisema. "Hayakauki, yanaota ukungu."

"Mbona hukusema, mama?" mkamwana akamwuliza.

"Mlikuwa mnapima."

## Agosti: kupanga upya

Safari hii tulianzia jikoni. Mkamwana alitaja wanachopika kwa wiki: mchicha mara mbili au tatu, matembele, sukuma wiki au chainizi, bamia mara moja, majani ya kunde yakipatikana, nyanya chungu za kutia kwenye mchuzi. Nyanya, karoti, kabichi na vitunguu wanatumia kila siku. Vitu hivyo vinne ndivyo tulivyovifuta kwenye mpango.

Mtoto wa Mwalimu alishangaa, na uamuzi huu ndio uliobishaniwa kuliko yote. Sababu ilikuwa hii. Karoti na kabichi za Lushoto hushuka mjini kwa malori, zinavumilia safari, na soko la Mgandini utazikuta. Karoti moja hukaa ardhini karibu miezi mitatu ukaila mara moja. Mchicha ni wiki nne, na ukikata badala ya kung'oa unachipua tena. Na majani hunyauka: fungu lililochumwa alfajiri, saa tisa alasiri si lilelile. Kwenye mita za mraba zisizofika kumi tuliipa nafasi mboga ambayo sokoni unailipia ikiwa imeshaharibika nusu.

Matuta mawili makubwa tuliyapunguza upana yawe mita 1, kwa kipimo cha mkono wa mkamwana na si cha kitabu. Nafasi iliyopatikana tuliisukumia ukingo wa mashariki, tukapanga viroba saba vya nyanya chungu na pilipili. Tuta la katikati tuligawa vipande vinne vya sentimita 75. Kila Jumamosi kipande kimoja kinapandwa mchicha, na cha nne kikipandwa cha kwanza kinakaribia kukatwa. Kazi ya kukumbuka Jumamosi alipewa mjukuu mkubwa, ambaye hulipwa kwa kashata.

Tuta la njano hatukulimwaga. Tuliongeza kinyesi cha kuku kilichoiva wiki nane chini ya turubai, tukapanda kunde, ambazo hujitengenezea naitrojeni kwa msaada wa vijidudu vya mizizini, na majani yake ni mboga.

Suala la jua lilihitaji kalenda. Tanga iko nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Jua la mchana hupita utosini mara mbili kwa mwaka, siku za mwanzo za Machi na siku za mwanzo za Oktoba. Kati ya hizo, miezi saba, liko upande wa kaskazini; Juni linafika mbali zaidi, nyuzi 28 na nusu kutoka utosini. Miezi mitano iliyobaki liko kusini. Video zilizotumika zilitengenezwa na watu ambao jua lao liko kusini mwaka mzima, ndiyo maana wanasukuma mimea mirefu kaskazini. Kwetu ushauri huo unafaa kuanzia Oktoba hadi Februari tu. Kuanzia Machi, mnyanya wa mita moja na nusu ukiwa kaskazini unatupa kivuli cha sentimita 80 juu ya wenzake ifikapo Juni. Tuliupanda hivyohivyo.

Kwa hiyo bamia za Septemba ziliwekwa kibla, kwa kuwa zitakaporefuka jua litakuwa limeshahamia kusini. Za masika zitawekwa upande wa jiko. Tuta la ukutani, ambalo hulala kivulini mchana kuanzia katikati ya Aprili hadi mwisho wa Agosti, lilipewa kazi mbili: miezi ya jua ni la matembele na chainizi, miezi ya kivuli ni kitalu cha miche, giligilani na nanaa.

## Matokeo hadi Desemba

Eneo la matuta lilipungua kutoka mita za mraba 9.6 hadi 8.4. Daftari la Mwalimu linaonyesha kwamba kuanzia wiki ya mwisho ya Septemba mboga ya majani ilitoka uani siku nne au tano kwa wiki, isipokuwa wiki mbili. Moja ni mvua ya vuli iliyosomba mbegu za Jumamosi kabla hazijafukiwa vizuri. Nyingine ni harusi ya Pangani: familia nzima iliondoka siku nne, nyuma hakubaki wa kumwagilia, na kipande chenye miche ya wiki moja kikafa chote. Vile vikubwa, vilivyofunikwa majani makavu, vilinusurika.

Mabanzi hayakufika Novemba. Ukiyashika kwa nje yalikuwa mazima. Ukibonyeza kwa kidole gumba yanapasuka kama biskuti, ndani ni udongo wa mchwa. Tuta moja limezungushiwa bloku za saruji, lingine limeshikiliwa na vigingi na maombi. Mgomba ulioza haraka na udongo ukashuka nusu shubiri, ukajazwa kwa mboji.

Maji hayakuwa tatizo, ingawa mwanzoni tuliyaogopa. Milimita moja ya maji kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa siku ya joto la pwani tulikadiria lita 5 kwa mita, yaani lita 42 kwa matuta yote, ndoo mbili na kidogo. Sehemu yake ilitoka kwenye maji ya kuoshea mchele na mboga. Ya sabuni ya unga yalikwenda kwenye mnazi.

## Uchambuzi

Kuinua matuta kulifaulu kwa sababu kulijibu jambo lililopimwa, mwamba na maji ya masika. Nyavu ilifaulu. Kukataa oili chafu kulitugharimu mabanzi ya msimu mmoja, na ningekataa tena.

Kupanda kwa zamu ndiko kulikoongeza mavuno kuliko hatua nyingine yoyote, na hakukuhitaji msumari. Katika mpango wa kwanza tulihesabu miraba na kuijaza yote siku moja, kama mtu anayepanga viti vya shughuli. Tuta lililojaa Aprili na likawa tupu Mei ni nusu ya tuta, lakini karatasini linaonekana zima.

Kosa la ukuta lina tabaka mbili. La juu ni la kitaalamu: nilipima jua siku moja ya Februari nikaandika kana kwamba nimepima mwaka. Ningeweza kuligundua kwa fimbo na hesabu ndogo. La chini linanisumbua zaidi. Mtu anayejua kivuli cha ua ule mwezi kwa mwezi, kwa sababu ameanika makopa humo miaka mingi, alikuwa amekaa hatua nne kutoka kwangu. Hakuulizwa. Nilimuuliza idadi ya watu, nikamuuliza bajeti, nikamwamkia kwa adabu zote, nikaendelea na utepe wangu.

Vumbi la mbao lilikuwa uamuzi wa uchovu. Hesabu ya madebe ilifanywa baada ya kingo kusimama, wakati pengo lilishakuwepo na seremala anatoa bure. Ingefanywa kabla, tungejenga matuta mawili na nusu, au tungeshusha kina kuwa sentimita 20, kinachotosha mboga za majani.

Kuhusu kufuta nyanya, sina uhakika kwamba tumemaliza mabishano. Wiki iliyopita nilikuta kiroba kimojawapo, cha mwisho mstarini, kina mche wa nyanya umefungwa kwa kamba ya katani kwenye kijiti. Ni wa Mwalimu. Kwa joto hili la kaskazi maua yalikuwa yanapukutika, matano sita yamelala juu ya udongo. Niligusa kile kijiti tu, akaita kutoka mkekani: "Bwana shamba, huo hauko kwenye mpango wako. Uache."